Mkutano wa injili, nyumba kwa nyumba, huduma ya matendo au ushuhuda wa kila siku: ipi inawafaa ninyi hapa Dodoma?

Mavuno yakishaingia ghalani, kamati za uinjilisti Dodoma huanza kukaa. Mvua imekata, barabara za Bahi na Chamwino zinapitika, watu wamerudi kutoka mashambani, na sadaka angalau ina kitu. Hapo ndipo swali la kila mwaka huletwa mezani: safari hii tufanyeje? Vijana wanataka mkutano wa nje wenye vyombo vikubwa. Akina mama wanaomba wapewe unga na sabuni waende hospitali. Mzee mmoja atakumbusha kwamba zamani injili ilitembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Na pembeni kuna mtu aliyenyamaza, pengine mtumishi aliyehamia Dodoma na wizara yake, anajiuliza kama yeye asiyejua kuhubiri ana mahali popote katika kazi hii.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hii zaidi ya miaka kumi, kwanza kijijini, sasa mjini. Nimeona njia zote nne zikizaa matunda, na nimeona zote nne zikiumiza watu. Kwa hiyo sitakuambia ipi ni bora kwa kila mtu. Nitaziweka sambamba, kwa maswali yale yale, uone ipi inalingana na watu mlio nao na mahali mlipo.

Maswali ya kupimia

Mara nyingi tunapima kwa hesabu moja tu: wangapi wamekata shauri kumfuata Yesu. Hesabu hiyo husomwa kanisani Jumapili, watu hupiga makofi, kisha hakuna anayeiuliza tena. Mimi hutumia maswali manne.

La kwanza ni la kawaida: njia hii inahitaji nini? Fedha, watu, muda, vibali. La pili: inamfikia nani, na inamwacha nani?

La tatu watu wengi hawaliulizi, na kwangu ndilo zito: je, anayesikiliza ana nafasi ya kukataa? Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inasema kutangaza na kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Tunapenda kuishika sehemu ya uhuru wa kutangaza. Ile hiari ni ya jirani yangu pia. Na Bwana mwenyewe alimwacha yule kijana tajiri aende zake kwa huzuni, hakumkimbilia. Mtu aliyesema ndiyo kwa sababu hakuwa na namna ya kusema hapana hajaamini bado, na siku akipata nafasi ataondoka.

La nne: baada ya siku hiyo, nani atabaki na mtu huyu? Nani atamfundisha kuomba, atakwenda kwake akifiwa, atamtafuta asipoonekana wiki mbili?

Mkutano wa injili wa nje

Njia hii inahitaji mengi. Kiwanja, jukwaa, vyombo vya muziki, jenereta ikiwa ni kijijini, mhubiri na mahali pake pa kulala, nauli na chakula cha kwaya, vijana wa kulinda vyombo usiku. Barua iende mapema serikali ya mtaa na polisi. Msisubiri wiki ya mwisho. Na sauti ipimwe. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamekuwa wakizionya nyumba za ibada pamoja na baa kwa ajili ya kelele, na jirani mwenye mtoto mchanga hatofautishi kelele za mapambio na kelele za baa saa tano usiku. Msimu wake ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Ukiuweka Januari kijijini utawahubiria watoto tu, kwa sababu wakubwa wako kwenye palizi.

Unamfikia nani? Mpita njia. Kijana wa bodaboda ambaye hajaingia kanisani tangu abatizwe. Mwanamke ambaye mume wake hapendi aende kanisani lakini hawezi kumzuia kusikia akiwa uani kwake. Hili ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini unamwacha bibi asiyetoka nyumbani, mgonjwa, mlinzi wa zamu ya usiku, na mama lishe ambaye jioni ndiyo saa yake ya kupata riziki. Lugha nayo huacha watu. Kiswahili cha kasi cha jukwaani kinawapita wazee wanaofikiri kwa Kigogo. Nimeona uwanja mzima ukibadilika pale kwaya ya kijiji iliposhika zeze na ngoma baada ya kinanda, wazee waliokuwa wamekaa mbali wakasogea na viti vyao. Mkalimani wa Kigogo ni gharama ndogo kuliko spika ya nne.

Kuhusu nafasi ya kukataa, mkutano wa nje una heshima kubwa kuliko wakosoaji wake wanavyodhani. Mtu anasimama chini ya mti, mbali, baiskeli mkononi. Akichoka anaondoka, na hakuna atakayemuuliza. Hakuna mahali pengine ambapo mtu anaweza kusikia injili bila kuonekana anaisikia. Uhuru huo huharibiwa na mambo matatu: sauti inayoingia ndani ya nyumba za watu usiku kucha, mhubiri anayewasukuma watu waje mbele, akitaja aina za dhambi mpaka mmoja aone aibu kubaki nyuma, na mbaya kuliko yote, kudhihaki dini ya wengine. Wenye umri wangu tunaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini, vitabu vitakatifu vikifunguliwa ili kuaibishana. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inakataza maneno yaliyokusudiwa kuumiza hisia za kidini za mtu, lakini hata isingekataza, katika mji ambao kaka ni Mkristo na shemeji ni Mwislamu, na wote wanakula pilau moja Krismasi na Idi, maneno hayo huvunja nyumba. Mwambieni mhubiri kabla hajapanda: ahubiri Kristo, dini ya jirani asiiguse.

Nani atabaki? Hapa ndipo penye jeraha langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kamati iliyofanya mkutano wa siku saba. Majina yaliandikwa kwenye daftari kila jioni, mhubiri akaondoka Jumatatu, daftari likabaki kwenye mkoba wa mtu. Miezi miwili baadaye mimi na mwenzangu tukatumwa kuwatafuta. Tulikuta maandishi kama "mama mmoja, karibu na mashine ya kusaga", na mashine za kusaga zilikuwa tatu. Wengi hatukuwapata. Babu mmoja tuliyempata alikuwa amekaa nje ya nyumba yake ya tembe, akatukaribisha vizuri, akasema alitusubiri Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu, akadhani labda sala ile haikushika. Siku ile nilirudi nyumbani nikalia. Babu yule alikuwa amefanya sehemu yake yote.

Kwa hiyo mkutano wa nje unazifaa parishi zenye watu wa kulea waliokwisha kupatikana kabla ya mhubiri kupatikana. Andikeni majina ya walezi kwanza. Kama ni kumi, na kila mmoja anaweza kubeba watu wanne, basi mna nafasi ya watu arobaini. Kama walezi hamna, fedha za vyombo zina kazi nyingine.

Nyumba kwa nyumba

Gharama yake ni miguu na ujasiri. Yesu aliwatuma wawili wawili, na sababu zake bado zipo: mmoja akisema mwingine anaomba, na hakuna atakayezushiwa jambo. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji ajue mnapita. Mchague saa. Kijijini wakati wa kilimo mchana hakuna mtu nyumbani. Mjini, kwenye makazi mapya ya Nzuguni na Iyumbu, mageti yamefungwa hadi watu warudi kazini jioni, na jioni wamechoka. Wanaume wawili wakimkuta mwanamke peke yake wasimame nje, wasalimie, waulize lini familia ipo. Hii ni adabu ya nyumbani kabla hata ya kuwa kanuni ya kanisa.

Njia hii inamfikia yule yule ambaye mkutano unamwacha: bibi, mgonjwa, mama aliyejifungua, mtu mwenye swali ambalo hawezi kuliuliza mbele ya watu. "Mbukwenyi" ya mlangoni, ile salamu ya Kigogo, ikisemwa na mtu anayejua kuisema, hufungua mengi. Baada ya hapo watu wanasema wenyewe. Wanauliza kwa nini mtoto alikufa mlipoombewa wote. Wanauliza kwa nini mchungaji fulani alifanya alivyofanya. Jukwaani hakuna anayeuliza hivyo. Mtakaotumwa mjifunze kusikiliza kabla ya kujifunza mistari ya kukariri.

Lakini nafasi ya kukataa hapa ni finyu, na sababu ni wema wa watu wetu. Mgeni hafukuzwi. Utaletewa kigoda, utaletewa maji, hata uji, na mwenyeji atakaa kukusikiliza saa nzima huku mbuzi wake wanaingia kwenye shamba la jirani. Atakubali kuomba nawe kwa sababu kumkatalia mgeni ni aibu. Kisha kwenye ripoti yako utaandika amepokea. Nimejifunza kusikia tofauti ya majibu. "Karibuni tena siku nyingine" mara nyingi ni kwaheri ya heshima. "Njooni Jumatano saa kumi, na mume wangu atakuwepo" ni mlango. Basi mjenge nafasi ya kukataa ninyi wenyewe: kaeni dakika kumi na tano, ombeni ruhusa kabla ya kuomba, na mwisho ulizeni kama mnaweza kurudi. Jibu likiwa "mh, tutaona", shukuruni kwa maji na mwende. Msiandike nyumba hiyo kama iliyokataa injili. Imewakataa ninyi leo.

Kuhusu nani atabaki, njia hii ina faida ya wazi kwamba mnaijua nyumba. Udhaifu wake ni kamati zinazobadilisha wanaokwenda kila wiki, hivyo mama wa watu anasimulia maisha yake upya kila Jumamosi kwa watu wapya. Wawili waliokwenda mara ya kwanza ndio warudi.

Inayafaa makanisa madogo yasiyo na fedha, na watu wenye utulivu wa kusikiliza. Kijana mwenye moto na maneno mengi apelekwe na mama mtu mzima.

Huduma ya matendo

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa mkoa huu una historia yake katika jambo hili na tunaisahau. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka kituo Mpwapwa mwaka 1876, kwenye njia ya misafara ya kwenda bara. Ilipofika 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika yenye makao hapa Dodoma, chini ya askofu wake wa kwanza, George Chambers aliyetoka Australia. Katika vijiji vyetu kanisa halikuja na kengele peke yake. Lilikuja na zahanati na darasa. Hospitali ya Mvumi iko hapo hadi leo. Daktari Paul White kutoka Australia alifanya kazi huko kuanzia 1938 hadi 1941, na alijulikana kwa kufundisha afya na imani kwa hadithi za wanyama, kwa namna ambayo bibi zetu walifundisha jioni motoni. Buigiri kuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Na mtu asiulize kwa nini shule hiyo ililetwa hapa: nchi kavu, maji haba, nzi wa mifugo na vumbi vimeufanya ukanda huu uumizwe sana na trakoma, ugonjwa wa vikope unaopofusha. Kumfundisha mama kumnawisha mtoto uso kila siku kwa maji kidogo ni jambo dogo linalookoa macho. Wapo waliomjua Kristo kupitia kopo la maji namna hiyo.

Kwa parishi ya leo, inahitaji nini? Siyo hospitali nzima. Katika hospitali zetu za mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Benjamin Mkapa, kuna wagonjwa waliotoka mbali ambao hawana ndugu wa kuwaletea chakula. Ongeeni na muuguzi mfawidhi wa wodi kwanza, fuateni saa za kuona wagonjwa, mwulize nani hajatembelewa na nani haruhusiwi kula nini. Uji, sabuni, maji ya kunywa, khanga kwa aliyejifungua bila maandalizi. Kijijini ni tofauti: ni nguvu za mikono. Kumlimia mjane nusu ekari kabla mvua haijapita kunamfaa kuliko kumpelekea debe la mahindi mwezi wa pili, ingawa mwezi wa pili, ghala likiwa tupu, debe nalo ni uhai.

Inamfikia mtu aliyekwisha kuchoka na maneno. Inamwacha mwenye nacho. Jirani yako mwenye nyumba ya vigae na gari mbili hatahitaji unga wako, na upweke wake hauonekani kwa nje.

Nafasi ya kukataa? Katika njia zote nne, hapa ndipo ilipo ndogo kuliko kote, na wengi wetu hatuioni kwa sababu tunajiona tunatenda mema. Mwenye njaa hawezi kukuambia hapana. Ukimwambia tuombe kwanza halafu ugawe, umemuuzia. Ukigawa kwa waliohudhuria ibada peke yao, umemfundisha kwamba Kristo ana bei. Kanuni tulizojiwekea ni hizi, na sijaona mahali zisipofaa: kitu kitangulie na kiwe chake hata kama hataki maombi. Apewe Mwislamu, Mkristo na asiye na dini kwa kipimo kimoja. Pasipigwe picha ya mtu akipokea. Baada ya kupokea, aulizwe kwa sauti ya chini kama angependa kuombewa, na akisema hapana tuendelee kuzungumza habari za mtoto wake. Na hili nalisema kwa nguvu zote: asiwepo mtu katika kundi lenu atakayemwambia mgonjwa aache dawa za ARV, za kifua kikuu au za kifafa kwa kuwa ameombewa. Watu wamekufa. Mtu wa namna hiyo aondolewe kwenye kundi siku hiyo hiyo, hata awe na karama gani.

Kuna upande wa pili. Matendo yana nguvu, lakini hayataji jina. Tulipokwenda wodini mara ya kwanza, mama mmoja alituuliza kwa upole, "Ninyi mnagombea nini?" Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mwingine alidhani ni shirika, akataka kujua fomu zinajazwa wapi. Paulo anauliza watu watamwaminije wasiyemsikia. Basi mwe na sentensi moja iliyo tayari: "Sisi ni Wakristo wa parishi fulani, Yesu ametupenda, nasi tumekuja kukuona." Imetosha. Mwenye kutaka zaidi atauliza.

Nani atabaki? Kwa mjane wa kijijini, mpo. Kwa mgonjwa aliyetoka Manyoni au Kiteto, baada ya wiki mbili hamtamwona tena, kwa hiyo mwulize kama angependa mtu wa kanisa la kwao amtembelee, na mpige simu ninyi.

Inawafaa watu wa mikono, wale wanaosema hawajui kuongea. Inaifaa pia kamati yenye uvumilivu wa kwenda kila wiki kwa mwaka mzima bila hesabu ya kusoma kanisani.

Ushuhuda wa kila siku

Hakuna bajeti, hakuna kibali, hakuna ratiba. Kuna maisha yako tu, na watu wanayaona. Ndiyo njia ya polepole kuliko zote.

Inawafikia watu ambao njia nyingine zote haziwagusi: mkuu wako wa idara, fundi unayefanya naye kazi, mama mkwe, jirani Mwislamu ambaye hatakuja kwenye mkutano wenu na hana sababu ya kuja. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Kigezi na mhubiri aliyejulikana duniani, alifika Dodoma miaka ya 1940 kama mwalimu wa shule, kutoka Uganda. Alikuwa mtu wa ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kufika kwetu. Wazee walioukuta uamsho huo husimulia kilichowashtua watu: mtu kumrudishia mwenzake jembe aliloiba, mume kumwomba mke msamaha watoto wakisikia. Kabla ya kuhubiriwa, kijiji kilikuwa kimekwisha kuona jembe likirudi. Ukidaiwa kibandani kwa mama ntilie na hujalipa, anza hapo.

Nafasi ya kukataa ni kubwa mkiwa sawa. Jirani na jirani, dereva na dereva. Inapungua ghafla pale mmoja ana mamlaka. Bosi anayewaalika walio chini yake kwenye maombi ya asubuhi ajue kwamba wapo wanaokuja kwa kuogopa tathmini. Mwenye nyumba na mpangaji, mwalimu na mwanafunzi, karani na mwananchi aliyesimama dirishani akisubiri huduma, hali ni hiyo hiyo. Mwananchi huyo ahudumiwe haraka, kwa haki na bila rushwa. Huo ndio ushuhuda wa mahali pale. Na mtoto wa jirani usimfundishe dini bila wazazi wake kujua, hata kama anacheza kwako kila siku.

Nani atabaki? Wewe. Hapa njia hii inazipita nyingine kwa mbali. Hatari yake ni ukimya. Unaweza kuwa jirani mwema miaka kumi, ukazika nao, ukachanga harusi zao, na siku unahama wakasema alikuwa mtu mzuri sana yule, basi. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Anachukulia kwamba kuna kitu kitakachofanya watu waulize. Mtu akikuuliza msibani umepata wapi nguvu, usimwambie "ah, tunajikaza tu". Ulipewa mlango ukaufunga mwenyewe.

Ukiwa katika hali hii

Parishi yenu ni ya mjini, ina vijana, kwaya na fedha kidogo. Mkutano unawafaa, lakini gawanyeni bajeti: fungu la kwanza liwe la mafunzo ya walezi na nauli zao za miezi mitatu baada ya mkutano, kitakachobaki ndicho kiamue ukubwa wa vyombo. Mkutano wa siku tatu wenye walezi unazidi wa siku saba wenye daftari.

Kanisa lenu ni dogo, liko kijijini, na mwinjilisti ana mitaa mitatu ya kuhudumia. Nyumba kwa nyumba wakati wa kiangazi, kundi la kulima wakati wa mvua. Anzeni na nyumba kumi, zisizidi.

Mko Kondoa au mahali ambapo majirani wengi ni Waislamu. Mkutano wa nje si haramu, lakini ulizeni kwanza Wakristo wachache wanaoishi hapo, maana ninyi mtaondoka na vyombo vyenu na wao watabaki na majirani. Wakisema hapana, wasikilizeni. Ushuhuda wa kila siku na huduma isiyobagua vina nafasi ndefu zaidi huko, pamoja na kumsalimia imamu na kumweleza mnachofanya hospitalini ili asisikie kwa wengine.

Wewe ni mtumishi wa umma, ofisi yako iko Mtumba kwenye mji wa serikali, unarudi nyumbani saa moja usiku. Usijilaumu kwa kutopanda jukwaani. Kazi yako iwe safi, na umchague mtu mmoja au wawili walio sawa nawe, uwaombee kwa majina, ule nao chakula cha mchana. Jumamosi moja kwa mwezi nenda wodini na akina mama. Wanahitaji mtu wa kubeba ndoo.

Wewe ni mwanafunzi chuoni. Fellowship yenu, kile kikundi cha wanafunzi Wakristo, itakualika kwenye kila kitu, na ratiba itajaa mpaka huna rafiki asiye Mkristo. Mwenzako wa chumbani ndiye wa kwanza. Anakuona unavyoamka, unavyokopa, unavyofanya mtihani.

Kamati yenu imegombana na kugawanyika. Msichague njia yoyote mwezi huu. Fanyeni toba ninyi kwa ninyi kwanza, kwa sababu kijiji kinajua.

Na wewe uliyekuwa moyoni mwangu nilipoandika haya yote, uliye na ndugu yako wa damu aliyeacha kanisa miaka mingi na sasa ni mgonjwa. Kwa huyo mkutano hautafaa, na wageni wawili mlangoni watamchosha. Mpikie mlenda na ugali wa uwele kama alivyopikiwa na mama yenu, kaa naye mpaka alale. Kama mna deni la zamani kati yenu, la shamba au la maneno, liombee msamaha mapema akiwa bado ana nguvu za kukujibu. Mwambie mara moja, wazi, kwamba Bwana hajamchoka, usirudie kila siku. Kisha mwulize angependa kusomewa nini, na Alhamisi uende tena.